Wimbo Nilioweka Juu ya Maneno ya Papa Faustin

Vijana wa chama chetu cha wapiga video hapa Rusizi, mmenishinda. Tangu niliposema kwamba jicho langu la kulia limeingia ukungu na kwamba kamera naiweka chini, hamjaacha kunisumbua niandike nilivyojifunza kazi. Mmoja wenu akaniletea daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba shida yangu ilikuwa kalamu. Haya, naandika. Ila msitegemee kusoma hapa nilipata nini wala nilipanda wapi, maana hayo hata mimi yananichosha. Nitawaambia habari za mwanga, habari za baba yangu, na habari za kosa moja nililolifanya mwaka wangu wa pili wa kazi. Kosa hilo lilimnyima binti mmoja maneno ya mwisho ya baba yake, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa sijui kama yatapatikana.

Kabla ya kamera nilikuwa na boksi la sabuni. Baba yangu, Mzee Issa, alikuwa fundi wa redio hapa Kamembe, kwenye kibanda ambacho ukikaa mlangoni unaliona ziwa katikati ya mapaa mawili ya bati. Mimi Mwajuma nilikuwa mke wa mtu tayari, lakini kila asubuhi nilikwenda kumsaidia kufungua skrubu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka kama jicho langu la leo. Siku moja nilikata dirisha dogo kwenye ubavu wa boksi la sabuni, dirisha la ukubwa wa viberiti viwili, nikalishika mbele ya jicho na kuitazama barabara. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Akina mama walipanda mlima na mabeseni ya samaki, wakaingia ndani ya dirisha langu upande mmoja na kutoka upande mwingine. Nyuma yao ukungu ulikuwa unainuka kutoka ziwani polepole, na Bukavu, ng'ambo upande wa Kongo, ikawa inajitokeza nyumba moja moja, kama mtu anayeamka bila haraka. Nilikuwa nimeiona barabara hiyo tangu utotoni, na siku hiyo niliiona.

Miezi mingi nilitembea na boksi lile. Watu walidhani nimeanza kurukwa na akili, na shemeji yangu mmoja aliniombea dua bila kuniambia. Lakini ndiyo iliyokuwa shule yangu. Nilijifunza kwamba ukisogea hatua moja kushoto, mti unamfunika mtu. Nilijifunza kwamba mwanga wa saa kumi na moja jioni unapita ziwani na kuja kumgusa mtu usoni kwa chini, na kila mtu, hata mgomvi, anakuwa mzuri kwa dakika chache. Mchana nilisimama mbele ya duka lililokuwa na televisheni kwenye kioo, nikatazama filamu kutoka nje, bila sauti, nikihesabu kwa vidole kila picha inakaa muda gani kabla ya nyingine kuja. Picha ya mtu anayelia ilikaa vidole saba. Ya gari vidole viwili. Niliandika yote.

Jioni nilimsimulia baba. Yeye picha hazikumshughulisha hata kidogo. Alipokuwa akijaribu redio alifumba macho, akainamisha kichwa, na hapo ungemwona anatabasamu peke yake kwa sababu amesikia mkwaruzo unatoka wapi. Nilipomaliza hadithi yangu ndefu ya mwanga na ukungu, aliuliza swali moja tu, kila siku lile lile.

"Na banasema nini?"

"Baba, sauti haiko. Ni kwa kioo."

"Basi haujabaona," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Nilimcheka. Mniamini, nilimcheka kwa miaka.

Kamera ya kwanza ilivuka daraja la Rusizi ikiwa ndani ya ndoo ya unga, mali ya mtu aliyekuwa anahama Bukavu na hakutaka vumbi liiharibu; akaniuzia. Ilikuwa ya kasete ndogo, na kitabu chake cha maelekezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna mtu Kamembe aliyeitambua. Tulimwonyesha hadi padri. Kwa hiyo nikafanya kama fundi wa redio anavyofanya: nilibonyeza kitufe kimoja kimoja na kuandika kinafanya nini. "Cha tatu: watu wote wanakuwa bluu." "Cha tano: sijui, lakini usikiguse." Rangi zilinitesa mno, mpaka nilipogundua kwamba kamera inataka kwanza kuonyeshwa kitu cheupe, ndipo ijue nyeupe ni nini na rangi nyingine zote zikae mahali pake. Kitu cheupe kuliko vyote nyumbani kwetu kilikuwa kanzu ya baba ya Ijumaa. Nilimsimamisha mlangoni kila asubuhi kabla ya kazi, naye akasimama, akinung'unika kwamba amezaa mtoto wa kumpima mwanga badala ya kumpikia chai.

Kazi zilianza kwa sababu ya ukumbi wa akina mama. Mnajua harusi za Waislamu wa Kamembe zilivyo: upande wa wanawake mwanamume hakanyagi, na wapiga video wote wakati huo walikuwa wanaume. Mabibi harusi walipambwa na kuimbiwa, wakacheza na kulia, na hakuna kilichobaki cha kukumbuka. Jirani mmoja alikuja kibandani na kuniuliza kama lile "boksi lako la sasa" linaweza kuingia humo. Liliweza. Niliingia, nikasahau kufungua kifuniko cha lenzi, na dakika ishirini za kwanza za kazi yangu ya maisha ni giza tupu na vigelegele. Baba alilisikiliza giza lile lote hadi mwisho, akasema ni kazi nzuri.

Baadaye Wakristo nao walinialika. Nilikwenda mpaka sekta ya Butare. Siyo ile Butare kubwa mnayoifikiria. Ni hii yetu ya mashambani, ambako siku ya mvua kilima kinakurudisha chini mara tatu kabla ya kukukubali. Huko nilijifunza kubeba mfuko wa plastiki kwa ajili ya kamera kabla ya mwavuli kwa ajili yangu. Nilijifunza kuweka betri kifuani ndani ya nguo, kwa maana zikipata baridi zinakufa mapema. Haya hakunifundisha mtu. Nilikosea, nikaandika.

Sasa niwaambie jinsi tulivyofanya kazi wakati ule, wengi wenu hamkuwapo. Ukishapiga harusi ulirudi nyumbani, ukakata picha na kuziunga, kazi tunayoiita montaji, kisha juu ya yote ukamwaga nyimbo. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho, rumba juu ya rumba. Ndivyo wateja walivyotaka pande zote mbili za daraja. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Maman Kamera, utie nyimbo nzuri, ya kuchezesha. Tusisikie ile makelele ya batu." Kwa hiyo nilikata picha nikiwa nimezima sauti kabisa. Kulikuwa na sababu gani ya kuisikiliza, wakati wimbo unakuja kuifunika? Harusi ikishatiwa kwenye diski, kasete ilirudi kazini. Nilikuwa nazo nne tu, na kila moja ilikuwa imeozesha wengi.

Ndipo ikaja harusi ya Espérance, binti wa Papa Faustin.

Papa Faustin alikuwa fundi mwashi, aliyekulia Kongo kama wengi wa hapa, akarudi na mkewe na mtoto huyo mmoja. Mke alifariki mapema. Nyumba yao ya Kamembe aliijenga yeye mwenyewe, tofali kwa tofali, na aliwaambia watu kwamba hapa ndipo amefika na hatahama tena. Basi Espe akampenda kijana wa Bukavu. Mzee hakupiga kelele, hakukataa mahari. Alinyamaza tu. Wiki sita walikaa nyumba moja, akamwambia mtoto "asubuhi njema" na "lala salama", basi. Espe mwenyewe alinisimulia nilipokwenda kupatana naye habari za kazi, akikunja na kukunjua kitambaa mezani.

Kuposa kulifanywa siku ile ile ya harusi, na mnajua desturi: baba wa binti hasemi. Anakaa kwenye kiti, amevaa vizuri, na kuna mzee mwingine wa kumsemea, mtu wa maneno mengi na mafumbo ya ng'ombe wa mahari, anayeshindana na msemaji wa upande wa pili mpaka watu wapate njaa. Nilimpiga video Papa Faustin akiwa amekaa pale, mikono magotini, mikono ya koti ikiwa mirefu kidogo. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Nikajiambia kwamba kwa huyu sitapata kitu.

Kabla wasemaji hawajaanza, nilizunguka nyuma ya nyumba kumfuata bibi harusi. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni akisubiri kuitwa, amevaa mushanana, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, na jenereta ya muziki ilikuwa inanguruma hatua tatu tu kutoka pale. Papa Faustin akaja. Alipita mbele yangu bila kuniona, akasimama mbele ya mtoto wake, akaanza kusema. Alisema kwa muda wa kutosha. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega, kamera inazunguka, na sikusikia neno hata moja, wala sikujali. Kwa sababu saa hiyo hiyo jua lilikuwa limeshuka juu ya ziwa, na mwanga ule wa saa kumi na moja ukaja kupitia kwenye migomba.

Espe aliitikia kwa kichwa. Mzee akamrekebishia nguo begani, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kunyamaza. Miezi minne baadaye alikufa, kwa homa ya siku mbili. Espe alikuwa Bukavu, akisubiri baba amwite, na baba huku labda alikuwa akimsubiri aje mwenyewe. Ndani ya miezi ile minne hawakuwa wameonana.

Alikuja kibandani kwangu baada ya matanga, na diski mkononi.

"Maman Kamera, naona mudomo ya Papa inacheza. Alisemaka nini?"

"Si alikuwa anasema na wewe?"

"Sikumusikia. Jenereta ilikuwa inalia. Niliitikia kichwa tu, juu nilikuwa naogopa kumuambia arudilie." Akafuta macho kwa kiganja. "Nataka kujua kama alikufa na kasirani yangu. Toa ile wimbo, nisikie."

Nilimwambia kwamba wimbo ukishatiwa hautoki.

"Na kasete?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inipokee. Kasete ilikuwa imesharekodiwa ubatizo wa mapacha. Nilimwambia hivyo, nikimwangalia usoni, kwa sababu kuangalia pembeni kungekuwa dhambi ya pili. Hakunitukana. Alisema "Sawa, Maman," akaenda zake kuelekea daraja. Baba yangu alikuwa amekaa nyuma na redio magotini, amesikia yote. Hakuniuliza swali lake. Ni mara ya kwanza hakuniuliza, na ningependa sana angeuliza.

Kuanzia siku hiyo sikukata picha tena bila kuisikiliza. Wale mnaocheka kwamba diski za Maman Kamera zina "mkia", sasa mnajua mkia ulitoka wapi: dakika kumi za mwisho zisizo na wimbo, watu wakisema tu, masahani yakigongana, mtoto akilia. Wateja walilalamika. Mmoja aliniuliza kama wimbo uliniishia. Niliacha walalamike. Baba alipofariki nilikuwa na saa tatu za sauti yake akininung'unikia kuhusu kanzu, na picha zake zote ni kitambaa cheupe tu, kimejaa kioo kizima. Nazisikiliza nikiwa nimefumba macho.

Kamera zikabadilika, kasete zikaondoka, zikaja kadi ndogo kama ukucha. Nyinyi mkaja na mitambo yenu inayoruka, nikawa natazama juu kama kuku. Espe tulikutana mara moja moja sokoni, alipovuka kuja kununua vitu. Alinisalimu vizuri na kuniuliza hali ya watoto. Jambo lile hakulitaja tena, na kila alipoondoka nilibaki nimesimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Ilipita zaidi ya miaka kumi na tano.

Mwezi uliopita nilianza kusafisha kibanda. Nilikuwa nahamisha diski za zamani kabla hazijaharibika, na spika ya televisheni yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo zilizunguka kimya. Mlangoni kwangu anakaa fundi cherehani, Zawadi, nimempangisha baraza. Zawadi aliacha kusikia kwa ugonjwa akiwa na miaka kumi na moja. Anasema, kwa sauti iliyonyooka isiyopanda wala kushuka, lakini hasikii hata radi. Siku hiyo alikuja kunirudishia pasi, akasimama nyuma yangu, kwenye televisheni kukiwa na harusi moja ya zamani. Ghafla akaangua kicheko.

Nilimgeukia. Akaonyesha kioo kwa kidole.

"Ule mama wa manjano. Anasema bwana harusi amevaa biatu bya kaka yake."

"Umejuaje?"

Alinitazama kama mimi ndiye kiziwi. "Amesema. Haumuoni?"

Niliketi. Miaka sita mwanamke huyu alikuwa mlangoni kwangu akinitazama mdomo ili aelewe ninachosema, na miaka sita nilimpungia mkono asubuhi na kuendelea kuomboleza sauti ya Papa Faustin. Nilikuwa nimejivunia macho yangu maisha yangu yote. Niliinuka, nikaitafuta diski, nikaipata chini kabisa ya sanduku.

Lakini sikuiweka. Maneno yale hayakuwa yangu, na nilikuwa nimeshayachukua mara moja. Siku tatu nilizunguka na simu mkononi. Nilifikiri, na kama ni laana? Na kama mzee alimwambia asikanyage tena? Mtu anaweza kuishi na kutojua. Pengine hataweza kuishi na kujua. Mwishowe nikampigia. Nilipomweleza, nilisikia pikipiki za Bukavu zikipita upande wake, kisha akauliza:

"Na kama alinigombeza?"

"Sijui, mwanangu. Ni weye wa kuchagua."

"Nakuya kesho," alisema.

Alikuja alasiri. Ana mvi mbili tatu mbele sasa, na ana paji la uso la baba yake kabisa. Zawadi aliomba kiti kisogezwe karibu na kioo, akaomba pazia lifungwe. Kisha akatuambia sharti lake: "Fasi yenye sioni, nitasema sioni. Sitabahatisha." Nikamkubalia. Walikuwa wanasema Kiswahili nyumbani, baba na mtoto, kile cha Bukavu walichorudi nacho, na Zawadi naye ndicho alichokulia, kwa hiyo mdomo haukuwa mgeni kwake.

Papa Faustin akapita mbele ya kamera, akasimama. Zawadi alitazama mara ya kwanza bila kusema. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akaanza, kwa sauti yake ile iliyonyooka, nyuma kidogo ya mdomo wa mzee.

"Umekula?"

Espe alishika ukingo wa meza.

"Kunywa chai kwanza. Bale bazee batasema murefu." Zawadi akainua kidole. "Hapa ameinama, sioni." Kisha: "Nilikasirika. Sikufichi. Lakini..."

Na hapo picha ikaondoka.

Ikaondoka polepole, kwa ustadi, bila kutetemeka, ikapita juu ya bega la mzee na juu ya migomba, ikafika ziwani. Mwanga umelala juu ya maji wote, dhahabu tupu, na mtumbwi mmoja mdogo umesimama katikati kana kwamba hauna pa kwenda. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Sekunde kumi na moja. Nimezihesabu kwa vidole.

"Yeye wapi?" Zawadi aliuliza.

"Kamera imemuacha."

"Sababu ya nini?"

"Sababu ya mwanga," nikamjibu. Zawadi alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye kioo, na ilinitosha.

Picha ilirudi kwa mzee. Alikuwa anamalizia. Zawadi akasoma: "...funguo ya mulango ya nyuma itabakia pale pale. Ukuje saa yoyote. Usibishe hodi." Kisha mkono wa Papa Faustin ukainuka na kurekebisha nguo begani, mdomo umefungwa tena.

Tulirudia mara nne, kwa ombi la Espe. Mara zote nne niliangalia sakafu kwa sekunde kumi na moja. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu. Maneno ya katikati niliyauza kwa ziwa." Akanishika mkono, akasema kwamba yeye ya katikati anayajua sasa. Sijui kama ni kweli au ni huruma. Alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, na pua yake ilikuwa nyekundu.

Kisha akasimama. "Pale pale," alisema. "Tuende."

Nyumba ya mzee imepangishwa siku hizi, anakaa mwalimu mmoja na familia yake. Mkewe alitukaribisha, akatuacha tuzunguke nyuma wakati yeye anaendelea na sufuria zake. Nilikuwa nimechukua kamera yangu ndogo, ya mwisho, kwa mazoea tu. Espe hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye msingi wa tangi la maji, akapiga goti, akaingiza mkono nyuma ya tofali la tatu, tofali ambalo baba yake hakulitia saruji kwa makusudi. Mkono ukatoka na kitu kidogo kilichofungwa ndani ya karatasi ya plastiki ya chumvi, kikazungushiwa uzi mara nyingi, kazi ya mtu anayejua mvua za hapa na anayetaka kitu kikae. Ufunguo ulikuwa na kutu pembeni, lakini meno yake yalikuwa mazima.

Aliujaribu mlangoni. Haukuingia. Kitasa kilikuwa kimebadilishwa zamani na wapangaji, kilikuwa kinang'aa.

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Jua lilikuwa linashuka na mwanga ulikuwa unakuja kupitia migomba ile ile, nikauona kwa jicho langu moja zima, na mkono wangu, nawaambia ukweli, ulitaka kuufuata. Niliuzuia. Nilifumba macho, nikainamisha kichwa kama baba yangu alivyokuwa akifanya na redio zake. Nilisikia sufuria ndani, majani ya mgomba, ufunguo ukigonga chuma kidogo mara moja. Nilisikia Espe akivuta pumzi karibu na mlango. Akasema polepole, kama anayemjibu mtu aliyesimama mbele yake:

"Sikukulaka, Papa. Ile siku muzima nilikuwa na njaa."